Noti Mbaya ya Anschütz

Roswitha Kestner hakuwa mwanamke wa kubembeleza watu. Asubuhi ile alipanda jukwaani na kikombe cha kahawa mkononi, akawatazama wanamuziki wa okestra ya mji mmoja baada ya mwingine, akasema, "Leo tunamfufua mtu. Anayetaka kununa anune sasa hivi, amalize."

Mtu mwenyewe alikuwa Leberecht Anschütz, mzaliwa wa mji huuhuu wa Altenrode, aliyetunga simfoni yake zama zile mabaragumu ya shaba hayajawekewa vitufe vya kubonyeza. Ilipigwa mara moja tu. Watu wakacheka, wakaenda zao kunywa bia, na simfoni ikalala kabatini karibu miaka mia mbili. Roswitha ndiye aliyeitoa, akaisoma, akaipenda vibaya sana. Alimwambia mkurugenzi, Bibi Dornbusch, kwamba ndiyo itakayofungua msimu wa maonyesho, na isipofaa, basi amtafute kiongozi mwingine wa okestra. Wenzake wakasema amejitia kitanzi mwenyewe.

"Kitanzi gani?" akawajibu. "Mimi nina masikio."

Sasa Bibi Dornbusch alikuwa amekaa kule ukumbini peke yake. Angesikiliza, kisha angeamua kabla ya chakula cha mchana.

Sehemu ya kwanza ikaenda vizuri. Hata Gundolf, mkuu wa fidla, ambaye kusifu kwake ni kunyamaza, alinyamaza. Ikaja sehemu ya pili, maombolezo. Katikati yake okestra nzima inatulia, baragumu linabaki peke yake na noti moja ndefu. Mpigaji, Burkhard Nessel, akaipiga laini, tamu kama siagi, na ikaharibu kila kitu! Haikupatana na chochote kilichotangulia. Ilikuwa kama mtu aliyekosea mlango akaingia msibani anachekacheka. Mpiga chelo mmoja ikamshinda, akaangua kicheko.

"Ndiyo maana walicheka," Gundolf akasema. "Mzee wetu aliandika vibaya. Tuibadilishe hiyo noti, mambo yaishe."

"Hakuna cha kubadilisha!" Roswitha akamgeukia mpiga baragumu. "Burkhard, baragumu la enzi zake halikuwa na noti hii. Mpigaji alilazimika kutia mkono kwenye mdomo mpana wa baragumu, kule sauti inakotokea, azibe, ndipo aipate. Achana na vitufe. Ziba."

"Nikiziba itakwaruza, Mama."

"Ikwaruze."

"Maisha yangu yote kazi ni kuondoa mikwaruzo, leo unataka niirudishe? Mbele ya mkurugenzi?"

"Hasa mbele yake. Kwani unaposa, mwanaume wewe, hata utake kupendeza?"

Wenzake wakacheka. Burkhard hakucheka. Mkewe, Ottilie, alikuwa amezikwa majira ya kuchipua, na wiki ileile Burkhard alirudi kazini, ndevu kanyoa, shati kapiga pasi, akapiga noti zake bila hata moja kutetemeka. Mji mzima ulimsifu: huyo ndiye mwanaume! Tangu hapo aliushikilia ulaini wake kama roho yake. Roswitha aliliona hilo usoni mwake, akajua anamwomba nini. Hakurudi nyuma.

Kule ukumbini Bibi Dornbusch akakohoa. "Bibi Kestner, kama imeshindikana, sema tu. Ile simfoni tuliyoizoea ipo, na watu wanaipenda."

"Haijashindikana. Tunaanza tena maombolezo, tafadhali."

Burkhard alishapandwa na hasira. Ilionekana wazi anataka kumwaibisha Roswitha. Unataka ubaya? Haya, chukua ubaya. Okestra ikafika pale, ikatulia. Akatumbukiza mkono kwenye baragumu, akaziba, akapuliza kwa nguvu zake zote.

Loh! Sauti ilitoka imebanwa, inakwaruza, ya mtu aliyejikaza asilie na kilio kikamshinda. Hakuna aliyecheka. Fidla zilitakiwa kuingia, zikachelewa kidogo, kisha Gundolf akaziongoza, na zilipoingia kila kitu kikakaa mahali pake. Yote yaliyoandikwa baada ya hapo yalikuwa majibu ya kilio kile. Anschütz hakukosea hata kidogo. Waliomcheka ndio waliokosea! Roswitha akasikia machozi yanamshuka, akayaacha yashuke, maana mikono ilikuwa na kazi nyingine.

Walipomaliza, wanamuziki wakaanza kuburuza miguu sakafuni, ndivyo wapigavyo makofi watu walioshika vyombo. Gundolf aliburuza kuliko wote.

"Andikeni matangazo," Bibi Dornbusch akasema. "Anschütz ndiye atakayefungua msimu. Na noti ile asiiguse mtu."

Siku nyingine Roswitha angetamba hadi jioni, na alikuwa na haki ya kutamba. Lakini alikuwa akimtazama Burkhard. Mkono wake ulikuwa bado mle ndani ya baragumu, na mabega yake yanatikisika.

"Tupumzike, Burkhard?" akamwuliza kwa upole.

Akatikisa kichwa. Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Kaburini sikulia," akasema, na ukumbi mzima ukamsikia. "Turudie, Mama."