Kalenda ya Vindege vya Siafu

Kulipopambazuka mpiga picha alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani makavu, suruali kaichomeka ndani ya soksi, akisubiri siafu wapite. Siafu wakipita, wadudu hukurupuka, na vindege vya vichakani hushuka kuwadaka. Ndiyo kanuni ya kazi: usimfuate ndege, fuata siafu, na ukiumwa ujikaze kisabuni. Kampuni ya mbao ilitaka picha kumi na mbili za kalenda.

Kwenye kamera kila ndege alikuwa na panzi mdomoni. Picha ziliposafishwa, wa kwanza alishika kifungo cha shaba, wa pili kamba ya kiatu, wa tatu kipande cha filimbi. Mpiga picha alivitambua. Vilikuwa vya shemeji yake, askari wa msitu aliyepotea miaka miwili nyuma, siku alipozuia malori ya kampuni hiyohiyo. Kampuni ilitangaza kwamba ametoroka na mwanamke, na watu wakasema lisemwalo lipo. Tangu hapo dada wa mpiga picha, mke wa askari huyo, hakuwa mke wala mjane. Sokoni walimcheka mbele ya macho yake, na ilimuuma.

Mpiga picha alizipeleka kituo cha polisi, na ofisa alizitazama moja moja.

"Nzuri kweli," alisema. "Lakini ndege hana kitambulisho, bwana. Maelezo yake niyaandike kwa jina la nani?"

Meneja wa kampuni yeye aliagiza vitu vya midomoni vifutwe kwa kompyuta. Fundi akafuta. Asubuhi vitu vilikuwa vimerudi, kifungo kimeng'aa zaidi. Mwaka mpya ulikaribia, kalenda ikachapwa hivyohivyo. Meneja alitundika yake ofisini, akaandika chini ya ndege siku za kupakia magogo.

Mpiga picha alimpelekea dada yake nakala. Dada alifunua mwezi baada ya mwezi hadi Desemba. Ndege mdogo wa kahawia alishika mfupa wa kidole, pete ikiwa bado mahali pake.

"Hakuivua," alisema.

"Hakuivua, dada."

"Na mimi miaka miwili namlaani."

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akanawa uso, akaenda sokoni na kalenda kwapani, akamfunulia Desemba kila aliyewahi kumcheka. Walitazama, wakampa pole ya dhati, wakauliza kalenda zinagawiwa wapi.