Chembe Kwenye Kabureta

Mama yake Mwalimu Silvano alizikwa Newala siku ambayo yeye alikuwa amekwama mlimani, kando ya pikipiki iliyogoma kuwaka. Alikuwa ametoka Lupaso alfajiri, mara tu alipopata habari. Alipiga kiki mpaka goti likamvimba. Akafuta plagi kwa shati, akasukuma, akakaa, akasimama tena. Jioni lori la korosho lilimpakia, na alipofika kwa dada yake Emilia, majembe ya kuchimbia kaburi yalikuwa yamekwisha kuoshwa.

Kilichomnyima raha hasa kilikuja baadaye. Mzee Kurwa, fundi wa Masasi, alifungua kabureta, akapuliza kitundu kinachopitisha petroli, pikipiki ikawaka kwa kiki moja. Chembe ya uchafu tu, akasema, wala hakujua alivyokuwa akimchoma mwenzake.

Pikipiki ile Silvano aliinunua kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa akirudi kwao, akaiendesha bila kujua kilichomo ndani. Sasa kila Jumamosi alikwenda Masasi, akavua koti lake la ualimu na kuomba afundishwe. Kurwa alimwonyesha: kwanza tazama kama petroli inafika, halafu kama plagi inatoa cheche, ndipo ushike spana. Silvano alishika spana kwanza. Alikaza plagi kwa pupa hata ikala meno ya tundu lake. Kurwa alimwambia aende akanywe chai, arudi mikono ikiwa imetulia.

Haikutulia. Nyumbani alifungua kabureta juu ya mkeka, akaifunga, akaifungua tena. Watu wa Lupaso walibishana barazani juu ya uhuru na kadi za chama. Yeye alikuwa hapo hapo, lakini sikio lake lilikuwa kwenye injini. Theodora, mkewe, alivumilia harufu ya petroli mpaka kwenye mito. Siku moja akamkuta ameloweka cheni kwenye sufuria ya mboga.

"Baba Ethel," alimwambia, "hiyo pikipiki ni nzima. Wewe ndiye uliyeharibika. Nenda Newala ukaonane na dada yako."

Tangu matanga yaishe hakuwa amekanyaga kule. Alikwenda.

Katikati ya mlima injini ilikohoa, ikazima. Mguu ulitaka kupiga kiki, akauzuia. Alitazama petroli: inafika. Akafungua plagi, akailaza juu ya injini na waya wake, akapiga kiki taratibu: hakuna cheche. Akaifuta masizi, bado. Ndipo akafungua kifuniko cha platini, zile ncha mbili za chuma zinazokata umeme wa plagi, akakuta zimeungua na kuota weusi. Alizikwangua kwa ubavu wa kiberiti, polepole, akipumua kwa mdomo. Alipojaribu tena, cheche ya buluu ikaruka.

Pikipiki ilipowaka hakufurahi. Alikaa chini ukingoni mwa barabara akalia, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa rahisi, na siku ile hakuijua.

"Shikamoo, dada," alisema alipofika.

"Marahaba."

Kabla hajapewa hata maji alianza kueleza habari za siku ile, mlima, kabureta, chembe. Emilia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba mama yao, siku zake za mwisho, hakumtambua mtu yeyote, hata yeye aliyekuwa akimlisha.

Silvano alisimama, akasema anakwenda kuangalia cheni. Emilia alijifunga kanga vizuri, akamfuata nje na kumwambia ampeleke makaburini kwa hicho chombo chake. Akapanda nyuma, miguu upande mmoja.

Hawakufika mbali. Njia ya kati ya mikorosho ilikuwa mchanga mtupu. Gurudumu likazama, injini ikazima. Silvano alikuwa ameshapiga goti na kutoa vyombo mfukoni.

"Acha spana, Silvano," Emilia alisema, akishuka. "Ni mchanga. Sukuma."

Walisukuma, yeye akishika usukani, dada yake nyuma, mpaka makaburini. Kaburi lilikuwa limeota magugu. Emilia aliinama akaanza kung'oa, Silvano naye akaanza upande wa pili, kwa haraka mno, mizizi ikikatikia ardhini. Dada yake akawa anapita nyuma yake, anaing'oa upya.