Magunia Mawili ya Mizizi

Kwa miaka miwili Rahabu hakuanguka kifafa, maana kila asubuhi baba yake, Mughwai, alimchemshia mzizi wa kichaka kilichoota mahali pamoja tu, kwenye miamba ya nyuma ya Kiomboi. Mughwai alikuwa akikata mzizi mmoja, wa upande wa mawio, kisha akifukia udongo ili kichaka kisife.

Mzungu wa utafiti alipokuja kuulizia dawa hiyo, Mughwai aliona fahari, akampeleka. Vibarua wa Mzungu waling'oa vichaka vyote, wakajaza magunia mawili ya kwenda kupimwa Ulaya.

Mvua zikanyesha, lakini pale miambani hakikuchipua kitu. Rahabu akaanguka tena, safari hii motoni, akaungua mkono hadi kiwiko.

Karani wa boma akaja na barua. "Shikamoo, mzee. Bwana anasema mizizi ilioza melini. Anaomba magunia mengine mawili."

Mughwai alikuwa akimfunga binti yake kidonda. "Marahaba. Mwambie aje mwenyewe, mashimo anayajua."

"Nimwandikie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na mgonjwa anaitwa Rahabu. Siku ile hakuniuliza."