Kijerumani cha Kunigunda

Kunigunda alipofeli mtihani wa Kijerumani kwa mara ya pili, alianza kuwakwepa watoto wadogo barabarani pale Mbinga. Akiona mmoja wa umri wa binti yake, Beata, aligeuza uso. Mumewe, Victor, muuguzi, alikuwa amepata kazi Ujerumani na kwenda na binti yao, kwa kuwa karatasi za mtoto zilitoka upesi. Za mke zilitaka kwanza cheti cha lugha, angalau kile cha chini kabisa. Mama mkwe alipinga, akisema mtoto mdogo vile hatenganishwi na mama. Kunigunda mwenyewe ndiye aliyemjibu kwamba angemfuata kabla kahawa haijachanua tena. Kahawa ikachanua, ikachumwa, ikachanua tena.

Hakuwa mjinga. Nyumbani alikariri mpaka majirani wakamhurumia, lakini mbele ya mtahini ulimi uligeuka gogo. Na kila Jumapili Beata alizidi kuwa mgeni kwenye simu ya video. Kimatengo alichobembelezewa nacho ndicho kilichotangulia kupotea, kisha Kiswahili nacho kikamtoka. Mama aliongea, mtoto akamkodolea macho. Mama akalia. Simu ikakatwa.

Ndipo akasikia habari za Mwalimu Mwanahawa wa Lituhi, kule kando ya ziwa, mstaafu wa ukoo wa wafanyabiashara, aliyesoma Bulgaria ujanani na baadaye kuishi Ujerumani. Huko Bulgaria alifundishwa lugha akiwa ameegemea kiti cha starehe huku muziki ukipigwa, naye sasa alifundisha vivyo hivyo. Kunigunda akamwachia shamba shemeji yake, Tadei, ambaye alinung'unika kwamba hajapata kuona mtu akiacha kahawa inaiva ili akalale mkekani kwa watu. Akashuka ziwani, akafikia kwa shangazi yake, Edina.

Darasa lilikuwa sebule iliyotandikwa mikeka na mito. Mwalimu alifungulia muziki wa fidla, akasoma maongezi marefu taratibu, sauti ikipanda na kushuka pamoja na muziki. Hakuna kukariri, hakuna kukaripiwa.

"Usiyakimbize maneno," alimwambia. "Tulia, yatakuja yenyewe."

Wenzake, vijana waliotafuta kazi za hoteli, walifumba macho wakatulia, na kesho yake Kijerumani kikawatoka kama utani. Kunigunda akifumba macho aliona uwanja wa ndege, na Beata aliyevalishwa kofia ya sufu akienda bila kugeuka. Mabega yalimpanda hadi masikioni. Alirudi kwa shangazi na maumivu ya shingo, neno hata moja hana.

Kisha likaja gumu zaidi. Mwalimu alimtaka kila mwanafunzi achukue jina jipya na maisha mapya ya huko Ujerumani, ili hofu za mwenye jina la zamani zibaki mlangoni. Kunigunda akapewa kuwa Greta, muuza maua, hajaolewa, hana mtoto.

"Shikamoo mwalimu, lakini hilo la mtoto siliwezi," alisema.

"Marahaba. Ni mchezo tu, mwanangu."

"Kwangu si mchezo. Nikisema sina mtoto, nitakuwa nimesema."

Alikataa, akawa anakaa darasani kimya kama aliyefiwa. Lakini mtihani ulikaribia, na mfa maji hukamata hata jani. Siku moja alilala mkekani, akatamka kwa Kijerumani kwamba yeye ni Greta na hana mtoto. Mabega yakashuka. Muziki ukamwingia hadi mifupani. Asubuhi yake aliamka na sentensi nzima nzima kinywani, akauliza bei ya usipa, dagaa wa ziwani, kwa Kijerumani mbele ya mchuuzi, ambaye alidhani amerukwa na akili. Shangazi alicheka. Kunigunda alijifungia chooni akalia, maana alikuwa ameshaelewa kwamba lugha ya kumfikia mwanawe ilimjia pale tu alipomkana.

Jumapili akapiga simu. Victor alikuwa kazini, na aliyepokea ni jirani, mama wa makamo anayemtunza Beata. Jirani akaiweka simu mezani, dari tu ikaonekana, akamwita mtoto. Sauti ya Beata ikajibu kutoka mbali, kwa Kijerumani:

"Ni yule mwanamke wa kwenye simu? Sitaki. Yeye analia tu."

Kunigunda alielewa kila neno. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya mwanawe aliyoielewa pasipo kukisia, na alitamani arudi alipokuwa haelewi. Akajizuia kulia, akasema polepole kwa Kijerumani:

"Leo silii. Njoo."

Uso ukajitokeza, pengo jipya mbele.

"Kumbe unajua kuongea?"

"Kidogo."

"Mbona zamani hukuongea?"

Hakuna somo hata moja la Mwalimu lililofika kwenye swali hilo. Alichopata ni maneno ya muuza maua, basi akamuuliza anapenda maua ya rangi gani. Mtoto akasema ya njano, akaenda kucheza.

Kesho yake alimsimulia Mwalimu Mwanahawa. Mwalimu alizima muziki, akaketi naye mkekani hadi wanafunzi wengine wakajiondokea wenyewe.

Mtihani alifaulu, kwa kuponea chupuchupu. Karatasi ziko ubalozini. Victor anasema wasubiri, na sauti yake imekuwa ya mtu aliyezoea kusubiri. Kunigunda amerudi kwenye kahawa. Jumapili Beata anakubali kuja simuni, humsahihisha makosa na kumcheka. Humwita Kunigunda, jina zima, kama anavyowaita watu wazima wa jengo lao.

Kunigunda huitika.