Foto ya Umurerwa

Mwanga ulishuka Mushaki polepole, ukipasua ukungu kilima baada ya kilima, ukagusa migongo ya ng'ombe, ukagusa mabati ya kanisa, ukafika mpaka kwenye bustani ndogo iliyo juu ya barabara ya Masisi. Mvua ilikuwa imerudi. Baada ya kiangazi kirefu cha vumbi mvua ilikuwa imerudi, na nyasi zilichipuka kwa pupa, na maua meupe yalisimama kwenye maji kama watoto waliovalishwa kwa komunio.

Narcisse alisimama langoni, kamera kifuani, asiingie.

Zamani hakuwa mtu wa kusita. Kazi yake ilikuwa maziwa: kuyakamua, kuyabeba kwenye bidoni, kuyauza kando ya barabara. Lakini mapenzi yake yalikuwa picha. Hakupiga harusi wala ubatizo, alipiga umande. Alipiga kindege kikinyonya ua, alipiga ukungu ukivuka bonde. Watu walimcheka, naye akacheka nao, kisha akapiga magoti tena majanini. Na kila alipopiga magoti palikuwa na mtu mdogo mgongoni pake, mwenye pumzi ya joto shingoni pake, akiuliza, "Papa, unaona nini?"

Huyo alikuwa Umurerwa, binti yake wa pekee.

Kisha vita vikapanda mlima. Wakakimbia kuelekea Goma, yeye, mke wake Mukabaranga, na mtoto katikati. Nyumba iliungua nyuma yao, na ndani ya nyumba iliungua kadi moja ya picha, ndogo kama ukucha, iliyobeba sura zote za Umurerwa tangu alipozaliwa. Kamera ilipona kwa sababu ilikuwa shingoni. Ndani yake mlikuwa na kadi mpya, na ndani ya kadi hiyo, ndege tu. Ndege na ukungu.

Kambini, chini ya hema la plastiki, juu ya mawe meusi ya volkano, mtoto alimwomba.

"Papa, unipige foto."

Alimtazama. Midomo imekauka, vumbi mpaka magotini, nywele zimenyolewa kwa sababu ya chawa.

"Hapana hapa, mutoto yangu. Tutarudia kwetu. Mvua itanyesha, maua itatoka, njo nitakupiga foto mu jardin, mu ile bustani yetu ya maua. Utakuwa muzuri sana."

"Ni kweli, Papa?"

"Ni kweli."

Alisema kwa upendo. Enyi vilima vya Masisi, alisema kwa upendo! Hakutaka lile hema limshike mtoto wake milele. Hakujua kwamba ugonjwa wa kuhara ulikwisha kuingia kambini, ukipita hema kwa hema. Ulipofika kwao haukukawia. Wakamzika Umurerwa kwenye mawe yale meusi, mahali ambapo hata jembe lilikataa kuingia.

Kambi zikabomolewa. Watu wakarudi vilimani, wale waliobaki. Mvua ikarudi. Maua yakarudi. Kila kilichoahidiwa kilirudi, kasoro mmoja.

Narcisse akaingia. Akapita chini ya mikaratusi iliyokuwa bado inadondosha maji. Akapiga magoti mbele ya ua, akainua kamera, akafunga jicho moja. Ua lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri bila huruma. Akangoja pumzi shingoni. Akangoja, akijua anangoja bure, na kidole chake kikagoma.

Nyuma yake nyasi zikalia. Mukabaranga alikuwa amemfuata, kitenge kimelowa mpaka magotini, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga hapa, aliyezoea kusema mambo ya umande ni ya baba na binti yake.

"Papa Umurerwa."

Akashtuka. Tangu mazishi hawakuwa wameitana hivyo. Waliitana "we", waliitana "sikia", maana kila mmoja alibeba jina la mtoto ndani ya jina lake, na kulitamka kulikuwa kama kugusa kidonda kwa chumvi.

"Leo asubui nilifunga macho nimuone," akasema mama. "Niliona mikono. Niliona ile kichwa yake ya kunyolewa. Sura nikakosa." Akameza mate. "Watu wote walikuwaka wanasema anafanana na mimi. Unipige mimi foto."

Akasimama kati ya maua meupe, mikono imeshikana tumboni. Narcisse akamtazama kupitia kioo cha kamera. Paji lile lile. Nyusi zile zile, kama zilizochorwa na mtu bila kuinua mkono. Akamsogelea, akasogea zaidi. Kilichobaki kilikuwa kinywa, na ule mwanya wa meno ya mbele ambao mama na mtoto waligawana, na ambao haukuonekana ila kwa kicheko.

"Cheka kidogo, Mama Umurerwa."

Akajaribu. Bwana, jinsi alivyojaribu! Midomo ikafunguka, ikatetemeka, ikapoteza njia. Narcisse akabonyeza.

Wakainama pamoja juu ya kioo kidogo. Mukabaranga akaangalia kwa muda mrefu, akakipangusa kwa ncha ya kitenge, akaangalia tena.

"Huyu ni mimi tu," akasema.

"Ndiyo. Ni wewe."

"Hayuko."

"Hayuko."

Hapo Mukabaranga akamwegemea Narcisse begani, na wote wawili wakaketi kwenye nyasi zenye maji, wakalia. Kambini walikuwa wamelia kwa zamu, mmoja akimficha mwenzake. Leo walilia pamoja, kwa sauti, kama watu walioachwa peke yao na dunia nzima ya kijani.

Mawingu yakafunga upande wa Burungu. Matone yakaanza. Hakuna aliyeinuka.

"Alikuwa anachekea puani kwanza," akasema Narcisse.

"Ndiyo. Kabla kinywa ifunguke."

"Na ile siku ya Noeli, kabla ya vita, alipoanguka mu matope na nguo ya bluu."

Mukabaranga akamgeukia. "Haikuwa bluu. Ilikuwa ya rangi ya majani. Mimi njo nilinunua."

"Ilikuwa bluu, mama. Naiona."

"Rangi ya majani."

Wakatazamana, mvua ikiwatiririka usoni, kila mmoja akingoja mwenzake akumbuke vizuri. Pale kwao ukutani hapakuwa na picha ya kwenda kuuliza. Hapakuwa na yeyote duniani wa kuwaamulia.

"Basi," Narcisse akasema mwisho, akimshika mkono. "Rangi ya majani."

Mukabaranga akatikisa kichwa, taratibu, machozi yakianza upya.

"Hapana," akasema. "Mimi pia sijue tena."