Faili Lililogoma Kutanduliwa

Ofisini walimwita Mpelelezi, wala hakukasirika. Alikuwa fundi wa kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa ya kompyuta inayogawa kumbukumbu na kuamua nani aguse nini, na kazi hiyo humfanya mtu asikiamini hata kikombe chake mwenyewe. Jumatatu ile alikuwa na mtu wa kumshuku: shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekaa meza ya jirani. Na yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi.

Kisa kilikuwa hiki. Kampuni yao ilitengeneza mashine za maabara za hospitali. Mgonjwa akitaka majibu yake yafutwe, yafutwe kweli. Sasa programu za mashine hizo hulitandika faili la mgonjwa kwenye kumbukumbu, kama shuka kitandani, ili zilisome upesi. Faili likifutwa, kiini hupita kwa kila programu na kulitandua, isibaki hata moja inayoliona. Ijumaa hospitali moja ilipiga simu: majibu ya mama mmoja, yaliyofutwa tangu Jumanne, yametokea kwenye skrini mbele ya jirani yake wa mtaani. Mkurugenzi alitaka jina la mkosaji kabla ya saa sita mchana. Mwenye jina hilo angemwaga unga.

Mpelelezi alikwisha kupekua. Programu iliyobaki na faili ilikuwa ya shemeji, ile ya kuchapa majibu. Na shemeji tangu Ijumaa alikuwa na mambo. Kwenye chakula cha Jumapili alitoka nje mara mbili kupokea simu. Leo ukimkaribia, anafunga skrini.

"Shemeji, unafanya nini hapo?"

"Vitu vidogo vidogo tu, shemeji. Vikiiva utaviona."

"Mbona unaficha?"

"Nifiche nini mimi? Kunywa chai yako, inapoa." Akajikuna shingo.

Chai! Tangu lini mtu asiye na lake jambo akajali chai ya mwenzake? Mpelelezi akatega mtego. Akatengeneza faili la mgonjwa wa uongo, akaiacha programu ya shemeji ilitandike, kisha akalifuta. Mara tisa lilitanduliwa vizuri. Mara ya kumi programu ilikuwa katikati ya kuchapa, na faili likabaki kwake zima, kila mstari unasomeka. Damu ikamchemka. Hakujiuliza kwa nini mara ya kumi tu, na hilo ndilo swali la kwanza ambalo fundi yeyote angeuliza. Lakini alikuwa amekwisha kuhukumu.

Saa tano na nusu akaingia kwa mkurugenzi, akalitaja jina. Shemeji akaitwa.

Mpelelezi alirudi mezani kwake, alitaka ushahidi wa kuambatisha, akafungua mistari ya kiini, pale panapoandikwa namna ya kutandua. Iliandikwa hivi: kiini kikikuta programu ina shughuli, hakisubiri, kinairuka na kwenda kwa inayofuata. Pembeni kulikuwa na maelezo ya mwandishi: "Naruka hii, isije mashine nzima ikakwama. Nitarudi kumalizia." Tarehe ilikuwa ya miaka miwili nyuma, siku mbili kabla hajaenda likizo ya uzazi. Jina lilikuwa lake.

Hakurudi. Alijifungua, akasahau.

Juu ya ukurasa palikuwa na alama ya marekebisho yanayosubiri kukubaliwa, yameletwa asubuhi ileile. Akayafungua. Kipande kilichokosekana kilikuwepo: programu zilizorukwa zinaorodheshwa, kiini kinazirudia hadi ya mwisho, ndipo faili lihesabiwe limefutwa. Kilikuwa kimejaribiwa mara elfu nne, na Jumapili fundi wa hospitali alithibitisha kwa simu. Shemeji hakuandika jina lake. Kwenye nafasi ya mwandishi aliweka jina la mke wa kaka yake, na mstari mmoja: "Nimerudi kumalizia."

Alikimbia koridoni kama mwendawazimu. Shemeji alikuwa amesimama mbele ya mkurugenzi, kitambulisho chake kimelala mezani.

"Hajajitetea hata kidogo," mkurugenzi alisema. "Anasema programu ni yake, basi."

"Mwache! Kosa ni langu, la miaka miwili. Yeye ndiye aliyelirekebisha."

Shemeji alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeona mzigo wake umemwangukia mwenzake. Kisha akamgeukia mkurugenzi.

"Bosi, na jina langu ulipewa na nani?"

Mkurugenzi akainamisha kichwa. Mpelelezi aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

"Ni mimi pia," alisema.

Shemeji alijikuna shingo. Akachukua kitambulisho chake, akampita mlangoni. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Mpelelezi akavua chake shingoni, akakiweka mezani palepale.