Kichwa cha Jumamosi

Msusi akisema mkono umechoka, watu humwambia apumzike. Akisema mkono umekufa ganzi, wanaanza kuulizana msusi mwingine yuko wapi. Nililijua hilo vizuri, kwa hiyo vidole vyangu vilipoanza kunipotea sikumwambia mtu.

Nasema kupotea, ingawa vilikuwa bado mahali pake. Kidole gumba, cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia vilianza kwa kuchonyota kama nimelalia mkono, halafu vikawa havina habari. Nashika msuko, sijui kama nimeushika. Kitana kinaanguka, naokota, nasema sakafu hii ina sumaku. Wateja wanacheka, na mimi nacheka nao.

Saluni ni yangu na mdogo wangu. Ni chumba kimoja chenye viti viwili, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, na mlango wa nyuma wa kutokea uani kwenye bomba. Tuna sheria moja tu tangu tufungue: hakuna kugusa kichwa cha mwenzako. Kichwa, ndivyo tunavyomwita mteja, kikishazoea mkono mwingine kimehama. Tumeona wasusi waliokuwa wanakula sahani moja wakanuniana miaka kwa sababu ya kichwa kimoja.

Kichwa changu kikubwa ni Karani. Anafanya kazi mahakamani, na mama yake alimleta kwangu akiwa bado anavaa sare ya shule. Ananiita shangazi ingawa hatuna undugu wowote. Ana nywele nyingi, nzito, za kumaliza asubuhi nzima na mchana juu yake, na Jumamosi ni yake. Watu wanaziona huko anakopita, wanauliza nani kasuka, wanaletwa kwangu. Nikimpoteza Karani, basi hata yule msusi wa mtaa wa pili atajua kwamba nimekwisha.

Nilikwenda kwa daktari kimyakimya. Akanigongagonga kiganja, akasema kuna mshipa wa fahamu unabanwa pale penye kifundo. Akanipa kifaa kigumu cha kufunga mkono, akaniambia nipunguze kusuka, na kwamba pasipopatikana nafuu tutazungumzia upasuaji. Kifaa nikakitia chini kabisa ya mkoba. Nilimuuliza kuhusu ile tiba ya sindano nyembamba, akupancha, ambazo hazina dawa ndani. Akasema wapo wanaopata nafuu. "Lakini mama, chagua aliyesomea na aliyesajiliwa. Kuwa na sindano si kuwa na ujuzi."

Sikusikia sana hilo la usajili. Nilichosikia ni kwamba sindano inachomwa, inachomolewa, na hakuna anayejua. Kile kifaa mkononi kingenisemea kabla sijafungua mdomo.

Mchoma sindano wa kwanza alisifiwa na mteja mmoja anayeumwa mgongo, mtu wa kutia chumvi kila kitu, lakini niliyemsadiki kwa sababu nilitaka kusadiki. Nikakuta foleni hadi kwenye ngazi. Ukutani pameandikwa anatibu sukari, presha, miguu kuwaka moto na ndoa iliyopoa. Nikajiambia mtu huyu akimaliza na mimi atakwenda kutengeneza barabara. Hata mkono hakuuangalia. "Kaa mama, hiyo ndogo sana hiyo," akasema, akanyoosha mkono kwenye glasi yenye maji ya rangi ya chai ambamo sindano zilisimama kama vijiko.

"Hizo ni mpya?" nikamuuliza.

"Zinaoshwa."

Mimi kitana changu tu hakitoki kichwa kimoja kwenda kingine bila kulowekwa dawa. Nikasema nimeacha sufuria jikoni, nikashuka ngazi mbiombio.

Wa pili alikuwa na mahali pazuri mno. Zulia, maua, muziki wa maji yanayotiririka, shuka nyeupe pe. Alinivisha kilemba cha ukoka tangu mlangoni: oh, mama una macho ya mtu mtulivu, oh, mwili wako unasikiliza. Nikamuuliza amesomea wapi, akanionyesha fremu yenye muhuri wa dhahabu. Nikavaa miwani. Kilikuwa ni cheti cha mafunzo ya wikiendi. Binti anayekuja kujifunza kwangu hufanya mazoezi miezi kwenye kichwa cha plastiki kabla sijamkabidhi cha mtu anayepumua, na huyu wikiendi moja tu anataka kunichoma! Nikamuuliza namba ya usajili. "Inashughulikiwa," akasema, bado anatabasamu.

Hapo ndipo maneno ya daktari yaliponirudia. Nikapiga simu kwenye baraza linalosajili watu wa tiba hizo. Mwanamume mwenye sauti ya mtu aliyesubiri chakula cha mchana kwa muda mrefu akanisomea majina ya walio karibu nami. Nikamchagua mwanamke mmoja mwenye chumba juu ya duka la vitabu. Nikauliza kama usajili wake bado uko hai. Akasema uko hai. Nikamwomba aangalie tena. Akashusha pumzi, akaangalia tena.

Nilimpigia yule mwanamke asubuhi kabla wateja hawajaanza, mdogo wangu akiwa uani anachota maji. Akapokea mwenyewe.

"Ni kuhusu mdogo wangu," nikasema. Uongo ulitoka wenyewe, wala sikuupanga. "Anaumwa mkono. Ni msusi."

"Pole yake. Ganzi iko vidole gani?"

Nikautazama mkono wangu. "Gumba, cha shahada, na cha kati. Cha pete nusu."

"Nusu ipi?"

"Ya huku kwenye cha kati."

"Mdogo wako anakueleza vizuri sana."

"Tunapendana," nikasema.

Akauliza kama daktari amemwona. Nikasema amemwona, na amempa kifaa cha kufunga mkono. Anakivaa? Nikasema kipo kwenye mkoba. Akauliza kama anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, kama ana kifaa cha moyo, kama aliwahi kuzimia akichomwa sindano. Hapana, hapana, hapana. Nikaanza kulegea, nikaona mambo yanakwenda vizuri.

"Ana mimba, au huenda akawa nayo?"

"Mimba? Kwa umri wangu huu, dada? Nikibeba mimba sasa hivi si itatangazwa redioni!"

Nilitamani sakafu inimeze na sumaku yake.

"Basi tuanze upya," akasema taratibu, na nilisikia anavyojizuia kucheka. "Unaumwa tangu lini?"

Nikamwambia yote. Na kwa kuwa nilikwisha kuaibika, nikauliza na mimi ya kwangu bila haya. Sindano? Kila moja ni ya mtu mmoja, mara moja. Nitamwona akifungua pakiti na nitamwona akizitupa. Amesomea wapi? Akanitajia chuo, na hospitali aliyofanyia mazoezi, na akanipa namba ya usajili kabla sijaiomba.

"Utaniponya?"

"Siwezi kukuahidi hilo. Wengine wanapata nafuu, wengine hawapati. Tutajaribu mara chache tuone. Vidole vikizidi kukosa nguvu nitakurudisha kwa daktari siku hiyohiyo, upende usipende. Na kile kifaa kitoke kwenye mkoba."

Nilikasirika. Nilipiga simu kutafuta tumaini, napewa masharti. Nikawa nataka kumuuliza kwani yeye anafanya kazi gani kama hajui kuponya. Halafu nikamkumbuka mama mmoja aliyeniletea binti yake, nywele za kwenye paji zimekwisha kwa kuvutwa, anataka mistari ya kubana. Nilimkatalia. Nikamwambia kichwa hiki kipumzike, sikuahidi hata kama zitaota. Alinitukana hadi barabarani, akaingia saluni ya jirani. Nilivyosema na mama yule ndivyo nilivyokuwa nasemeshwa mimi sasa. Hasira ikanitoka, nikabaki na woga tu.

"Nina nafasi Jumamosi asubuhi," akasema. "Na siku hiyo usisuke kabisa."

"Jumamosi siwezi."

"Baada ya hapo ni mwezi ujao. Vidole vitangoja?"

"Jumamosi anaweza," sauti ikasema nyuma yangu.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. "Mwambie anaweza. Na mwambie yule mdogo wako ni mzima wa afya, mkono wenyewe ndio huu umebeba ndoo."

Nikaandikishwa Jumamosi. Nilipokata simu, akatua ndoo, maji yakamwagika, hakuyajali.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

"Ningekuonea huruma mapema. Sasa nimechelewa, inabidi nianze na hasira."

"Naogopa," nikamwambia. Sikuwahi kumwambia neno hilo tangu tuzaliwe. "Mimi bila mkono huu ni mwanamke wa kufagia nywele walizosuka wenzake."

Akakaa kwenye kiti changu, cha mteja. Kisha akasema, "Jumamosi ni ya Karani. Sitamgusa mpaka useme wewe."

Hilo ndilo lililonishinda. Laiti angemchukua tu, ningepata mtu wa kumlaumu. Lakini aliishika sheria yetu, akanirudishia mimi uamuzi. Nikapiga moyo konde, nikampigia Karani.

"Shangazi, salama?"

"Salama, mwanangu. Jumamosi sitakuwepo. Nakwenda kutibiwa mkono. Ukipenda, mdogo wangu atakusuka."

Nikangoja aseme atanisubiri. Kwa kweli nilingoja.

"Afadhali," akasema.

Neno hilo moja liliniumiza, sitaficha. Nadhani alisikia, maana alianza kusema harakaharaka. "Si hivyo, shangazi, samahani, si hivyo. Ni kwamba mimi nakaa mbele ya kioo. Nakuona. Ukivuta msuko unafumba macho kwa maumivu. Nimeshindwa kukuambia, basi na mimi nafumba. Najifanya nimesinzia, usije ukajua kwamba nakuona."

Na mimi miezi yote nilikuwa nikijisifu kwa kila aingiaye kwamba mkono wangu ni laini hadi Karani hulala kitini.

"Utapona, shangazi?"

"Hajaniahidi," nikasema. "Ndiyo maana nimemchagua."

Nilipoweka simu chini, mdogo wangu alikuwa ananitazama. Nikamwambia Karani amekubali. Akaitikia kwa kichwa tu. Nikakitoa kile kifaa kwenye mkoba, nikajifunga, nikakaa karibu naye ili nimweleze vizuri.

"Nyuma ya sikio la kushoto ana kovu. Usianzie mstari hapo."

"Haya, dada."

"Kisogoni nywele zake ni laini, hazishiki. Usizibane kwa nguvu."

"Nimekusikia."

"Na akifumba macho," nikamwambia, "muulize kama anaumia."